Mtoki si jipu, msiupasue kwa wembe

Mhariri,

Mimi naanika dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Mwezi uliopita mwanangu wa miaka 9 alichomwa na ndoano mguuni. Siku ya tatu akaota mtoki kinenani, mgumu kama kokwa la mchikichi. Jirani, mama mwema kabisa, akaja na wembe ili "atoe uchafu". Nilimzuia, nikambeba mtoto hadi zahanati.

Muuguzi alinieleza nikaelewa. Ile ni tezi ya limfu; mwilini zipo mamia, shingoni, kwapani, kinenani. Majimaji yanayotoka mguuni huchujwa humo, na chembe nyeupe za damu, zinazozaliwa kwenye uboho wa mifupa, hukutana humo na vijidudu. Zikivitambua huongezeka kwa wingi, nyingine hutengeneza kingamwili, yaani silaha za mwili za kupambana na vijidudu hivyo. Ndiyo maana tezi huvimba. Kumbe jirani yangu alitaka kuwachinja askari wetu wakiwa vitani! Kidonda kilisafishwa, mtoto akapewa dawa na sindano ya pepopunda, mtoki ukanywea wenyewe.

Wazazi wenzangu, nawasihi, wekeni wembe chini. Na tezi isiyopungua kwa wiki mbili ipelekeni hospitali. Kifua kikuu nacho huvimbisha tezi, hasa za shingoni.

Mama wa watoto wanne,
Kibirizi, Kigoma