Muhuri wa "hairudishwi" usitutishe wanunuzi wa magari Mtwara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme kuhusu yadi za magari yaliyotumika huku kwetu, maana kila msimu wa korosho, wakulima wakishaingiziwa hela zao benki, madalali wa magari nao wanachangamka, na haupiti muda vilio vinaanza.

Shemeji yangu wa Tandahimba alinunua Noah kwenye yadi moja hapa mjini, akaambiwa injini nzima, gia boksi nzima, gari haijawahi kufunguliwa. Hajafika hata Nanyamba gia zikaanza kuteleza, fundi kufungua anakuta oili nyeusi ina unga wa chuma. Karudi yadi wanamwonyesha risiti imegongwa muhuri, mali ikishauzwa hairudishwi. Na yeye akakubali! Akatafuta hela ya gia boksi nyingine mfukoni mwake. Mimi kinachoniuma zaidi ni hapo kwenye kukubali.

Jamani sheria haiko hivyo. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ukinunua kwa mtu ambaye biashara yake ndo hiyo anatakiwa akupe kitu chenye ubora unaofaa kuuzwa, na kama ulimwambia mapema nataka gari ya kunipandisha Newala na familia, ukategemea ujuzi wake yeye, basi gari iiweze hiyo kazi. Halafu kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ndo wasimamizi wake. Haki ambayo sheria imekupa muuzaji hawezi kuifuta kwa kugonga muhuri kwenye risiti.

Sisemi udai kila kitu. Kama uliikagua ukaona tairi limeisha au kioo kina ufa, hiyo umenunua nayo, na gari iliyotembea miaka mingi umri wake na bei yake lazima viangaliwe. Ila gia boksi mbovu iliyofichwa kwa maneno matamu, hapana.

Sasa ndugu zangu msikae kimya miezi. Ukiona tatizo acha kuitembeza, waandikie yadi barua, kopi baki nayo, fundi aandike alichokikuta na asaini, kabla hujabadilisha kifaa chochote. Ukiendelea kuitumia tu watasema umeshaikubali, na hapo kuirudisha inakuwa ngumu, unabaki kudai fidia. Na pale pale unapolipa dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye jina la yadi, na yale waliyokuahidi yaandikwe kwenye mkataba, maana dalali akishapata chake simu haipokei tena, na maneno ya mdomoni utayathibitishaje mahakamani?

Ninachowaomba FCC na maafisa biashara wa halmashauri zetu, Mtwara, Tandahimba, Newala, Masasi, mje mkague hizi yadi kabla minada ya korosho haijaanza Oktoba, sio mje Februari watu washaumia. Hayo mabango ya hairudishwi yashushwe ukutani, na mkitaka kuongea na wanunuzi wenyewe nendeni kwenye mikutano ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, maana wapo huko na watasikiliza.

Msomaji wako,
Mtwara