Mchungaji anataka nishuhudie kwamba nimepona, nami bado nameza dawa: nifanyeje?

Ndugu Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, mama wa watoto wawili, na katika kanisa letu la kipentekoste nahudumu katika idara ya maombi ya akina mama. Ninakuandikia kwa sababu nimeombwa kufanya jambo ambalo Mkristo yeyote angelihesabu kuwa heshima, yaani kusimama katika mkutano wa Injili utakaofanyika baada ya mavuno na kueleza jinsi Mungu alivyoniponya ugonjwa wa akili, na sijui nijibu nini, kwa kuwa kila usiku kabla ya kulala nameza vidonge vya ugonjwa huohuo. Mchungaji hajui habari hiyo. Wanaoijua ni mume wangu, mama yangu mzazi na wahudumu wa kliniki.

Ugonjwa wenyewe ulianza muda mfupi baada ya kujifungua mtoto wa pili, na ulianza kwa sura ambayo hakuna aliyeitambua. Nilikuwa silali, wala sichoki. Niliamka saa nane za usiku kuomba na kuendelea hadi jogoo wawike, nikaenda kanisani kabla ya mlango kufunguliwa, nikawa naongea kwa kasi na kutoa unabii kwa kila niliyekutana naye, na akiba yote ya nyumbani, pamoja na ada ya shule ya mtoto wa kwanza, nikaitoa sadaka katika ibada moja. Watu walifurahi. Ilisemekana kwamba nimeshukiwa na moto, na wapo waliokuja nyumbani kuombewa. Mume wangu peke yake ndiye aliyekuwa na wasiwasi, lakini mwanamume anayemkataza mkewe kuomba atasikilizwa na nani?

Siku zilivyosogea nikaanza kusikia sauti iliyoniambia kwamba mtoto niliyemnyonyesha si wangu. Hapo ndipo mama alipomchukua mtoto, na kanisa likaanza maombi ya kunifungua, kwa kufunga na kukesha, kwa muda ambao sikumbuki vizuri. Hatimaye mume wangu na mama waliamua kunipeleka hospitali, nikalazwa. Daktari alieleza kwamba ni ugonjwa wa hisia mseto, ambao humpandisha mtu juu kupita kiasi na kisha kumshusha chini kupita kiasi, na kwamba uzazi ni mojawapo ya nyakati ambazo ugonjwa huo hujitokeza kwa nguvu. Mwanzoni nilipewa haloperidoli, iliyonikakamaza shingo na kunitetemesha mikono hadi nikaongezewa dawa nyingine ya kuondoa madhara hayo. Baadaye nilibadilishiwa, na sasa natumia kabamazepini na olanzapini. Olanzapini imeninenepesha, jambo ambalo kanisani limetafsiriwa kuwa ni dalili ya amani ya moyo, nami husikiliza na kutabasamu.

Nisieleweke vibaya kwamba nalilalamikia kanisa langu. Wakati nilipolazwa, akina mama wa idara walikuja kwa zamu na uji, wakamfulia mama yangu nguo za mtoto, na mchungaji mwenyewe aliketi kando ya kitanda akaomba bila kelele wala kukemea chochote. Ninaamini kabisa kwamba maombi yao yalisikiwa. Niliporudi nyumbani nimetulia, nikarudi kazini na baadaye nikarudi katika huduma, wao waliona jibu la maombi, na mimi pia niliona jibu la maombi. Tofauti ni kwamba mimi nilijua jibu hilo lilipitia wapi, na sikulisema, kwa kuwa mji wetu ni mdogo na mzazi wa mwanafunzi hachelewi kuuliza kama mwalimu wa mtoto wake ametoka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili.

Suala la kama Mkristo anaruhusiwa kutumia dawa hizi nimelichunguza kadiri ya uwezo wangu, maana katika mafundisho yetu hunukuliwa mara kwa mara habari ya mfalme Asa katika 2 Mambo ya Nyakati 16, ambaye katika ugonjwa wake hakumtafuta Bwana bali aliwatafuta waganga, akafa. Nimeisoma sura hiyo yote. Lawama iliyomo ni kwamba hakumtafuta Bwana, tena tangu mwanzo wa sura yeye ndiye aliyekwisha kuuacha msaada wa Mungu na kuutegemea wa mfalme wa Shamu, hata akamfunga gerezani nabii aliyemwonya. Ukiiweka kando ya 2 Wafalme 20 mambo yanakuwa wazi zaidi: Hezekia aliomba, akasikiwa, akaahidiwa miaka 15 ya kuishi, na baada ya ahadi hiyo kutolewa ndipo Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Dawa ilikuja baada ya jibu la Mungu, na hakuna aliyesema kwamba tini zimelibatilisha jibu. Wengine huniambia kwamba jipu ni la mwili na magonjwa ya akili ni ya pepo. Lakini Mathayo 4:24 inapowataja walioletwa kwa Yesu, inawataja wenye pepo, wenye kifafa na wenye kupooza kila kundi kwa nafasi yake, na kifafa ni ugonjwa ambao hata leo katika mitaa yetu huhesabiwa kuwa ni pepo, ingawa unatibiwa kwa kabamazepini hiyohiyo ninayoimeza mimi.

Mama yangu, ambaye ni Mlutheri wa Korogwe, hana muda na mjadala huu. Yeye alikulia karibu na Lutindi, ambako wamisionari wa Kijerumani walianzisha mwaka 1896 makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Hospitali hiyo iko mikononi mwa kanisa hadi leo. Wakati ule vidonge vya aina hii havikuwapo, kwa kuwa klopromazini, iliyotangulia dawa nyingi za kundi hili, ilianza kutumika katika miaka ya 1950, na wagonjwa walitunzwa kwa kazi za shamba, nyimbo na sala. Dawa zilipopatikana, kanisa lilizitumia pamoja na sala. Mama huuliza, kama kanisa lenyewe lilijenga hospitali na kuweka dawa ndani yake, ninyi wa juzi mnagombana na nani?

Kwa hiyo kuhusu dawa kuwa dhambi sina mashaka makubwa. Mashaka yangu yako mahali pengine, na ningependa nieleweke hapa. Wanaotetea dawa hupenda kusema kwamba vidonge vya akili havitofautiani na insulini ya mzee wa kanisa mwenye kisukari. Hoja hiyo ni nzuri, ila hainitoshi. Insulini haigusi mahali mtu anapokutana na Mungu wake, na vidonge vyangu vinagusa. Katika majuma yale ya kutolala nilihisi uwepo wa Mungu kuliko wakati wowote katika maisha yangu. Maandiko yalifunguka, machozi yalitoka bila kulazimishwa, na maneno ya maombi yalikuja yenyewe. Tangu nianze dawa naomba na naamini, lakini hali ile haijarudi, na dada mmoja wa idara aliniambia kwa upendo kabisa kwamba nimepoa. Sasa kipi kilikuwa cha Roho na kipi kilikuwa cha ugonjwa? Nikisema yote yalikuwa ugonjwa, nafuta hata usiku niliomwombea jirani yangu kwa moyo safi. Nikisema yote yalikuwa ya Roho, basi sauti iliyoniambia nimkatae mwanangu niiweke wapi?

Kipimo pekee nilichokipata hadi sasa ni neno la Paulo kwa Wakorintho, kwamba roho za manabii huwatii manabii. Mimi katika siku zile sikuweza kunyamaza hata nilipotaka, wala kulala hata nilipolilia usingizi, na Paulo huyohuyo anahesabu kiasi kuwa ni tunda la Roho. Nilipomuuliza daktari, ambaye ni mtu makini, alisema swali hilo limezidi mipaka ya kliniki, akanishauri nilipeleke kwa mchungaji. Na kwa mchungaji siwezi kulipeleka bila kugusa habari ya vidonge.

Turudi kwenye ushuhuda. Mume wangu ananishauri nisimame, nimshukuru Mungu kwa kunirudishia akili zangu, nishuke. Anasema watu hushuhudia kila Jumapili kwamba Mungu amewaponya malaria, na hakuna anayetaja dawa mseto. Alinifanya nicheke, na hoja yake ina uzito. Lakini malaria kila mtu anajua inatibiwaje. Hakuna mama atakayesikia ushuhuda huo akamnyima mwanawe dawa mseto. Kwa ugonjwa wangu mambo ni tofauti, na hili si jambo la kudhania. Kijana mmoja wa kwaya yetu alikuwa akichoma sindano ya kila mwezi kwa ajili ya ugonjwa wa kusikia sauti, akaendelea vizuri kiasi cha kupata kazi ya kushona. Katika juma la kufunga alisikia ushuhuda wa mtu aliyesema ameacha dawa za shinikizo la damu kwa imani, naye akaacha sindano. Hakuambiwa na mchungaji, wala na mtu yeyote, aliamua mwenyewe. Leo hii hawezi kushona, na nduguze wamewahi kumfunga kamba ili asitoke usiku. Mama yake alinifuata baada ya ibada akaniuliza nilipona kwa maombi ya namna gani, ili naye amfanyie mwanawe hayohayo. Bado ananisubiri nimjibu.

Wenye kumbukumbu hawajasahau mwaka 2011, wakati maelfu kwa maelfu waliposafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500, na baadhi yao waliporudi wakaacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Ushuhuda wa mtu mmoja unasafiri mbali kuliko maelezo ya daktari, na mimi nitakuwa nimesimama jukwaani, mwalimu, mtu anayeaminiwa, huku yule mama akiwa amekaa mbele.

Kuna njia ya tatu ambayo baadhi ya wenzangu wangeiona kuwa ndiyo ya imani, yaani niache dawa kwanza ili ushuhuda uwe kweli. Hiyo nimeikataa. Kliniki wamenieleza kwamba kuacha ghafla kunaweza kuurudisha ugonjwa kwa nguvu, na kwamba kupunguza, kama kutakuwapo, kutafanywa polepole chini ya uangalizi wao. Iwapo tutataka mtoto mwingine natakiwa niwaarifu kabla ya kushika mimba, kwa sababu kabamazepini inaweza kumdhuru mtoto tangu wiki za mwanzo, hivyo dawa itabidi ipangwe upya. Hayo ni mambo ya kukaa na daktari, na sioni kwa nini yaamuliwe na ratiba ya mkutano.

Ninachoomba kwako, Ndugu Mshauri, na kwa wasomaji waliopita njia hii, ni kwanza kuhusu ushuhuda wenyewe. Je, niombe kutoshuhudia kabisa, na kama ni hivyo nimpe mchungaji sababu gani isiyo ya uongo? Au nishuhudie na kutaja kila kitu, maombi, uji wa akina mama, wodi na vidonge, ingawa najua kwamba kesho yake habari hiyo itafika shuleni na labda nitaombwa nipumzike katika huduma? Mume wangu anahofia watoto watataniwa, na hofu yake naiheshimu, kwa kuwa aibu ikija haitanikuta peke yangu.

Kisha kuna mchungaji. Ni mtu mwema, lakini amefundisha kwa miaka mingi kwamba mwenye imani kamili hafanyi mambo nusu nusu, na sijui atapokeaje habari kwamba mtu aliyemwombea, na ambaye amemtaja katika mahubiri yake, bado anahudhuria kliniki. Mama anataka twende naye pamoja, yeye akiwa mzazi. Mume wangu anaona mambo ya ndoa yapelekwe na mume. Mimi mwenyewe nafikiri kwenda nikiwa peke yangu, ingawa naogopa kwamba nikianza kulia ataona ugonjwa umerudi. Kwa desturi za makanisa yetu, ni yupi kati yetu anayestahili kulizungumza jambo hili, na je, ni vema kumwomba daktari azungumze naye ikiwa mchungaji ataridhia?

Kuhusu mama wa yule kijana sitaki kusubiri mkutano. Ningependa kumshauri amrudishe mwanawe kliniki wiki hii, nikimwambia waziwazi kwamba na mimi nipo huko, ila nikimwambia yeye nimeliambia kanisa zima kabla mchungaji hajasikia kutoka kwangu. Kama kuna namna ya kumsaidia bila kumvunjia mchungaji heshima, nielekezeni haraka, kwa kuwa orodha ya watakaoshuhudia inafungwa mwisho wa mwezi huu na jina langu tayari limeandikwa.

Wako katika Kristo,

Mwalimu, Morogoro