Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wavuvi, Ufukwe wa Kunduchi, Dar es Salaam

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Usafi wa ufukwe ulifanyika, mnada uliendelea, leseni za vyombo zilihuishwa, na tuliwazika wenzetu wawili, Mungu awarehemu. Tuko wanachama 86, vyombo 31. Ada iliyopatikana ni shilingi 1,872,000, isiyolipwa 1,224,000. Matumizi 1,655,000, na katika hizo 940,000 ndizo zinazozungumzwa kila kijiwe.

Tarehe 3 Mei, kwa tahadhari ya kimbunga Hidaya, niliagiza vyombo vyote vipandishwe nchi kavu na mtu asiende baharini kwa siku nne. Fedha za vibarua, kamba na magogo, ndizo hizo 940,000, nilizitoa kwenye mfuko wa maafa bila kuitisha kikao. Uamuzi ulikuwa wangu, simsingizii katibu wala mhazini.

Nasikia inasemwa, "Kimbunga chenyewe hakikufika, tumelaza watoto njaa bure." Ndugu zangu, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ikitutahadharisha juu ya Hidaya tangu mwanzoni mwa mwezi ule. Boti za Unguja, zenye injini kubwa kuliko vyombo vyetu vyote, zilisimamishwa. Mimi ningeruhusu ngalawa? Kimbunga kiliishiwa nguvu kisiwani Mafia usiku wa tarehe 4, na Mafia si mbali na hapa. Somanga barabara ya Lindi ilikatika, magari ya kusini yakakwama. Njia yake ingepinda kidogo tu kuja kaskazini, leo tungekuwa tunasoma taarifa nyingine.

Na wazee wa bahari mnajua hili: mwezi mpya ulikuwa tarehe 8. Upepo wa kimbunga husukuma maji yakapanda pwani; kingechelewa siku nne kingelikuta bamvua, maji kujaa sana wakati wa mwezi mpya, na maji yangeingia mpaka kwenye mabanda ya kukaangia samaki. Wanaosema pwani yetu haipigwi wakumbuke Unguja mwaka 1872, mikarafuu iling'olewa, na Lindi mwaka 1952. Ni nadra, lakini hutokea.

Vyombo viwili havikupandishwa, wenyewe walikataa. Kimoja kilikata nanga kikapasuka ubavu. Vile 29 vilivyopandishwa havikupata hata mkwaruzo, na sijasikia aliyesema ahsante. Usiku ule nililala ufukweni na vijana sita, mvua ikitunyeshea.

Kuhusu kikao: akidi yetu ni watu 44. Mkutano wa Aprili mlikuja 19, wa Agosti 14. Ningeitisha kikao cha dharura, ningemsubiri nani? Inaniuma kwamba waliosema zaidi juu ya shilingi 940,000 wengi wao hawajalipa ada tangu Februari. Mfuko wa maafa unatoka kwenye ada hizo hizo, na sasa salio la mwaka ni shilingi 217,000. Hazitoshi kuvuta vyombo mara ya pili.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kununua kapi na kamba zetu wenyewe, kupanda mikoko upande wa mtoni, na kuzungumza na manispaa juu ya ufukwe unaoliwa kila msimu wa kusi. Majadiliano yanaendelea. Wenye madeni mhazini atakuwepo kwenye banda la mnada kila Jumamosi asubuhi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti