Risala ya wanafunzi wanaozungumza Kiswahili, Toronto, kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazazi na walezi wetu, walimu, ndugu wanafunzi, shikamooni. Itifaki imezingatiwa.

Tunakukaribisha kwa furaha kubwa. Sisi ni wanafunzi wa darasa la 11 na la 12 tunaosoma, au tuliokwisha kusoma, Utangulizi wa Anthropolojia, Saikolojia na Sosholojia, yaani elimu ya tamaduni za watu, ya akili na tabia, na ya jamii. Hapa jimboni Ontario, Kanada, somo hili hufundishwa kwa saa 110, na anayefaulu hupata krediti 1 kati ya 30 za kuhitimu sekondari. Ni somo la hiari, na ndiyo maana tumeomba kusema nawe.

Mgeni rasmi, baadhi ya wazazi wetu huona kwamba mtoto mwenye akili achukue fizikia na kemia, haya ya jamii ni kupoteza muda. Tunawaheshimu sana, ila tunaomba watusikilize. Tulipoandaa maswali ya utafiti, mwenzetu mmoja aliandika: "Kwa nini wazazi wa Kiafrika ni wakali?" Mwalimu alilirudisha, kwa kuwa swali lilikwisha kuhukumu kabla ya kuuliza. Likaandikwa upya: "Ukikosea nyumbani, wazazi hufanya nini?" Majibu yakaja ya kila namna, wapo waliosema huketishwa chini na kuzungumza na baba mpaka usiku. Wala hatukuruhusiwa kumhoji mtu bila ridhaa yake. Umakini huo haupungui ule wa maabara.

Kati ya watafiti tuliowasoma, aliyetugusa zaidi ni mwanasaikolojia Mary Ainsworth. Alikulia Toronto hii hii, akasoma saikolojia Chuo Kikuu cha Toronto hadi shahada ya uzamivu, na mwaka 1954 akaenda Uganda. Katika vijiji vya Buganda, karibu na Kampala, aliwatembelea akina mama majumbani, akitazama mtoto anavyotambaa kwenda mbali, anavyogeuka kuhakikisha mama yupo, anavyomrudia akishtuka. Humo ndimo alimoona jinsi mtoto anavyothubutu kwenda mbali akiwa na uhakika wa pa kurudi. Husifiwa zaidi kwa utafiti wake wa baadaye kule Baltimore, Marekani. Sisi tunataka wadogo zetu wajue kwamba akina mama wa Buganda walitangulia.

Changamoto yetu kubwa iko nyumbani. Darasani tunafundishwa kutofautisha huzuni ya kawaida na sonona, lakini tukifika mezani hatujui tuanzie wapi kuwaeleza wazazi, na wao huhisi tunawapeleleza.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, utusaidie kuwapata wanasaikolojia na maofisa ustawi wa jamii wanaozungumza Kiswahili, waje kuzungumza nasi pamoja na wazazi wetu, kwa Kiswahili. Pili, uwashawishi wazazi waketi nasi na mshauri wa wanafunzi kabla ya fomu za kuchagua masomo kurudishwa shuleni.

Tunaomba kuwasilisha. Ahsante sana.