Masaji ya kiuno: soma hii kabla hujaenda

Salma shoga yangu,

Umeniuliza kama masaji itakutoa kwenye hayo maumivu ya kiuno au itakula hela yako tu, na kwa vile ni wewe nakujibu kwa urefu, maana wateja wananiuliza hilohilo kila siku wakiwa wamelala kifudifudi na mi mikono ina kazi, sipati nafasi ya kueleza vizuri. Jibu langu ni kwamba itakusaidia, ila nafuu yake ni ya muda, na ule muda ambao mwili umelegea ndo wa kuutumia kuamka na kutembea na kufanya mazoezi. Ukirudi nyumbani ukalala tu kusubiri wiki ijayo ukandwe tena, hutafika mbali.

Lakini kabla ya yote nijibu haya maana hapa sitaki tubahatishe. Je, una ganzi sehemu za siri au kule katikati ya mapaja unapokalia? Mkojo unakutoka bila kujua, au unabana na hautoki kabisa, au choo hukizuii? Mguu unakosa nguvu, unaburuza unyayo? Ukiniambia ndiyo hata kwa moja tu, achana na mimi na masaji yangu, nenda hospitali leoleo, usiku huohuo, usingoje kesho, coz mishipa ya fahamu ya chini ikibanwa hivo masaa yanahesabika. Na kama una homa, umepungua uzito bila sababu, umewahi kuugua saratani, mifupa yako imedhoofika au haya maumivu yalianza baada ya kuanguka vibaya, hapo pia daktari kwanza. Halafu angalia shavu la mguu, ile nyama ya nyuma chini ya goti, likiwa limevimba upande mmoja, lina moto na linauma, usimruhusu mtu aliguse wala kulikanda, inaweza kuwa damu imeganda ndani na hilo bonge likisafiri mpaka kwenye mapafu linaua. Dawa za kuyeyusha damu unatumia? Mimba je? Haya yote mkandaji wako lazima ayajue kabla hajagusa, na akikulaza bila kukuuliza hata moja we vaa nguo uondoke.

Haya, tuseme yote hayo huna. Basi uko kwenye kundi kubwa la watu. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 90 ya maumivu ya kiuno hayana ugonjwa mmoja unaoweza kunyooshewa kidole kwamba ni huu hapa, na mwaka 2020 walikuwa wanahesabu watu milioni 619 duniani wenye shida hii. Nakwambia hivi kwa sababu najua umeshajiaminisha kwamba diski, yaani kile kimto laini kati ya pingili za mgongo, imetoka mahali pake. Watu wengi tu wana diski zilizovimba kidogo kwenye picha na hawaumwi chochote, na wengine wanaumwa kweli na picha iko safi. Mara nyingi kinachotokea ni kwamba misuli ya pande mbili za uti wa mgongo na ile inayotoka kwenye ubavu wa chini kushuka mpaka mfupa wa nyonga inajikaza kukulinda, halafu mwili unazoea kujikaza hata pale hatari ilipokwisha, unaogopa kuinama, ukiogopa unakaza zaidi, usingizi unapungua, na usipolala maumivu yanapanda. Ndo mduara wenyewe huo.

Masaji inaukata huo mduara mahali pamoja. Sirudishi pingili mahali pake, sisukumi diski, na yeyote atakayekwambia ameirudisha kwa mikono anakudanganya. Nachofanya ni kuituliza ile mishipa ya fahamu, msuli unaacha kujihami, pumzi inashuka, unalala vizuri siku hiyo. Na hiyo si ndogo jamani, mtu aliyekuwa hageuki kitandani akigeuka bila kulia ni kitu kikubwa.

Kuna utafiti mmoja naupenda sana, ulitoka mwaka 2011, ulifanyika Seattle kule Marekani kwa watu 401 wenye kiuno kinachouma muda mrefu, wengine wakapewa masaji ya nguvu ya kutafuta msuli wenye tatizo, wengine masaji ya kutuliza tu ya kawaida, saa moja kila wiki kwa wiki 10, na wengine wakaendelea na matibabu yao ya kila siku. Waliokandwa walipata nafuu kuwazidi wale wengine, na zile aina mbili za masaji zikatoka karibu sawa! Ila mpaka mwaka unaisha faida ilikuwa imefifia sana. Na mapitio makubwa ya 2015 yaliyokusanya tafiti 25 yalisema ushahidi bado ni dhaifu na nafuu inayoonekana ni ya muda mfupi. Mimi naishi kwa kazi hii na bado nakubaliana nao, ndicho ninachokiona kwa wateja wangu. Hata ule mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 wameitaja masaji kati ya vitu vya kutumia kwa maumivu sugu, ila imekaa pamoja na mazoezi na elimu. Na ule mkanda wa kiuno uliosema unataka kununua, humohumo wamesema usitumike kama tiba ya kawaida, kwa hiyo iache hiyo hela mfukoni.

Sasa ukienda. Kifudifudi kikikuuma omba mto chini ya tumbo na mwingine chini ya vifundo vya miguu, bado kikiuma lala ubavu na mto katikati ya magoti, mkandaji anayejua kazi atakufanyia hivohivo ulivyolala. Aanze polepole kwa viganja, eneo pana, misuli ipate joto, ndo aingie ndani kwa kidole gumba au kiwiko, na asikandamize juu ya mfupa wa uti wenyewe, kazi iko pembeni. Asisahau makalio! Wengi wanakomaa na kiuno tu wakati msuli unaovuta uko kwenye kalio na nyonga. Maumivu ya kwenye kukandwa yapime kwa kumi, yakivuka tano mwambie apunguze, na dalili nzuri kuliko hiyo namba ni pumzi, ukijikuta umeibana basi amezidisha na msuli wako unapigana naye badala ya kulegea. Kutoka na alama za damu iliyovilia hakumaanishi umekandwa vizuri. Kuuma kidogo siku moja au mbili baada ya hapo ni kawaida, zaidi ya hapo au maumivu yakianza kushuka mguuni usirudi kwake. Na mtu asiyesomea asikupande mgongoni kwa miguu wala asikuvunjevunje kiuno kilie, nakuomba sana.

Ukitoka hapo tembea, hata kidogo. Nyumbani lala chali, kunja magoti, inua makalio taratibu ushushe, halafu piga magoti na mikono chini upinde mgongo juu na chini kwa upole, kila siku, siku ya masaji na isiyo ya masaji. Mpira mdogo wa tenisi uuweke kati ya kalio na ukuta uuegemee ukiuzungusha, unafanya kazi nzuri sana na haukudai chochote. Kulala kitandani siku nzima usithubutu, misuli inadhoofu haraka na uoga unakua. Kama maumivu ndo kwanza yameanza yana nafasi nzuri ya kupungua yenyewe ndani ya wiki chache, kama yana miezi mtafute mtaalamu wa fiziotherapia akupangie mazoezi, masaji iwe msaidizi wake. Mpe mkandaji nafasi tatu nne hivi, usipoona unainama vizuri zaidi au unalala vizuri zaidi, acha bila kuona aibu.

Niandikie leo kuhusu ile ganzi na mkojo, hayo mengine yanaweza kusubiri. Pia nambie maumivu yanaishia kwenye kiuno au yanapita goti, na asubuhi ndo mabaya au jioni, nikijua hayo ntakwambia tuanzie wapi.

Wako,
Rehema