Mafuta yale hayakutoka chunguni mwako

Mdogo wangu,

Juzi nimetoka kwako Ngamiani na neno limenikaa kooni. Sote ulitupakulia wali wa nazi, mwanetu mwenye ugonjwa wa Duchenne, ule unaodhoofisha misuli, ukampa muhogo wa kuchemsha, mkavu, hata tui hakuna. Ukasema shangazi ndiye aliyekwambia: mashavu ya miguu yake yamejaa mafuta kwa kuwa ulimlisha nazi mno. Mbele za watu sikutaka kumjibu mkubwa. Najibu hapa, maana wapo mama wengine wanaoambiwa hayo hayo.

Shangazi kapatia nusu. Ile miguu ambayo mtaa mzima uliisifu ("huyu atachezea Coastal Union!") kweli ina mafuta. Guillaume Duchenne, daktari Mfaransa ambaye ugonjwa huu umebeba jina lake, aliieleza hali hiyo tangu miaka ya 1860: msuli unanenepa, nguvu zinapungua.

Lakini sikiliza yanakotoka. Msuli una protini iitwayo distrofini, inayokinga ukuta wa seli usichanike msuli unapojikunja. Mwanetu hana. Kila akipanda ngazi kuta zinachanika, kalsiamu inaingia kupita kiasi na kuziharibu mitokondria, ambazo ndizo jiko la seli. Kuni za jiko hilo, hasa mtu anapopumzika au kufanya kazi ya muda mrefu, ni asidi za mafuta. Karnitini inazipitisha mlangoni, kisha ndani zinakatwa kaboni mbili mbili mpaka zitoe nguvu. Jiko likiwa bovu, kuni haziwaki vizuri. Hiyo ni sababu mojawapo ya yeye kuchoka hata akiwa ameshiba. Nyuzi za msuli zikifa na mwili ukashindwa kuziba pengo, panajaa makovu na seli za mafuta zinazozaliwa humo humo msulini. Humo humo! Ungemnyima nazi tangu siku ya kwanza, yangetokea yale yale.

Na lile neno lao kwamba ugonjwa umetoka kwenye "damu yako mbaya" ndilo lililoniudhi zaidi. Jeni ya distrofini, yaani maelekezo ya mwili ya kuitengeneza, iko kwenye kromosomu X, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama, hivyo mara nyingi mama hubeba hitilafu yake bila kujua. Ila kwa karibu theluthi moja ya watoto hawa hitilafu ni mpya, mama hana. Wewe hata kupimwa hujapimwa, hukumu wameitoa wapi? Na ungekuwa nayo, nani huchagua jeni?

Basi mpe wali wake, kwa kiasi. Dawa yake ya prednisoloni inaleta njaa na unene, na uzito ukizidi miguu ndiyo inayoumia. Yule muuza chupa za karnitini mwache apite. Haijathibitika kwamba zinarudisha msuli uliokwisha. Tarehe ya kupimwa moyo ndiyo usiikose hata mvua inyeshe, kwa sababu moyo nao ni msuli, tena sehemu kubwa ya nguvu zake hutoka kwenye asidi hizo hizo za mafuta.

Jumamosi nakuja na mbuzi yangu, ya kwako butu. Nitakuna mimi. Mwambie shangazi naye aje, tule pamoja.

Dada yako