Pedali za gita zinavuma? Kabla hujanunua noizi geti, angalia umeme unaozilisha

Kila wiki hapa karakana lazima aje mtu na begi la pedali, vile viboksi vya kukanyaga vya kubadili sauti ya gita, fundi niuzie noizi geti, ukimuuliza kelele yenyewe ikoje anakwambia "inavuma tu". Geti tunazo na hela yako tunaitaka, ila geti haiondoi kelele, inafunga mlango tu wakati hupigi, ukigusa nyuzi mlango unafunguka na kelele inaingia pamoja na wewe.

Kwa hiyo sisi tunasikiliza kwanza. Mvumo mzito wa chini, mmmmm, huo umetoka ukutani, umeme wetu ni hezi 50 na ndo maana unausikia pale kwenye 50 au 100. Mluzi mwembamba kama mbu sikioni, huo mara nyingi ni pedali za dijitali. Na ile shshsh kama mvua ya mbali juu ya bati, hiyo ni geini (kile kitufe cha kukuza sauti) uliyopandisha mwenyewe, pawa saplai (boksi la kugawia pedali umeme) hata ya bei gani haitakusaidia sana, tusidanganyane.

Juzi kaja kijana anapiga solo kanisani, ana pedali nne, ovadraivu, distoshen, korasi na dilei ya dijitali, zote zinakula kwenye adapta moja yenye ule waya wa vichwa vitano. Akikanyaga distoshen, mbu huyo. Alishabadilisha pikapu za gita (zile sumaku zinazodaka sauti ya nyuzi) kwa fundi mwingine, hela imeenda na mbu kabaki. Tukaichomoa dilei peke yake kwenye ule waya tukaipa adapta yake, kimya. Akacheka kwa uchungu yule.

Iko hivi. Ovadraivu ya analogi inakula kidogo sana, nyingi ni chini ya miliampia 20, lakini dilei kubwa ya dijitali inaweza kufika 300, na hailagi kwa utulivu, chipu zake zinavuta umeme kwa kushtukashtuka maelfu ya mara kwa sekunde. Sasa umeme ule unarudi kwa waya wa negativu, na negativu hiyohiyo ndo njia ya kurudi ya sauti ya gita lako, yani maji machafu na maji ya kunywa bomba moja. Kile kichafu kidogo kinaingia kwenye distoshen, na kazi ya distoshen ni kukuza kila inachopewa, haijui hii ni gita hii ni takataka.

Halafu kuna mzunguko wa ethi. Pedali mbili zimeunganishwa na waya wa sauti, halafu zimeunganishwa tena na waya wa adapta, negativu ina njia mbili, hapo mnapata duara linalodaka mvumo wa ukutani kama antena. Pawa saplai ya kutenganisha inakata hilo duara, kila tundu linajitegemea, negativu zinakutana kwenye waya wa sauti tu basi.

Ila angalieni, matundu mengi sio kutenganisha! Kuna viboksi vinauzwa vina matundu nane na taa za bluu, ndani ni waya uleule wa vichwa vitano umevalishwa suti. Pima hivi: chomoa kila kitu, ukutani na pedali zote, weka mita kwenye ile alama ya mlio, gusa pini ya katikati ya tundu la kwanza na ya tundu la pili. Ikilia, negativu ni moja, hiyo haijatenganishwa.

Kabla hujatoa hata shilingi, nunua betri moja ya volti 9, iweke kwenye pedali unayoishuku (kama ina sehemu ya betri, nyingi za dijitali hazina), uchomoe na waya wake wa adapta. Kelele ikiondoka, shida ni umeme. Ikibaki, angalia waya za sauti, pikapu, au taa za ukumbini, na wewe mwenye pedali ya wa-wa usiiweke juu ya pawa saplai yenye transfoma, koili ya wa-wa inadaka mvumo wote. Na kama mvumo unakuja umeme ukikatika tu mkawasha inveta, hapo muulizeni mwenye inveta, zile za bei rahisi wimbi lake ni la ngazingazi.

Jambo moja hatutanii: usikate waya wa ethi wa ampu (amplifaya ya gita) ili mvumo uishe. Unaisha kweli, ila siku ampu ikiharibika ndani umeme unapanda kwenye nyuzi, wewe umeshika gita na mdomo uko kwenye maiki. Tukiletewa ampu ya hivyo tunairudishia ethi kwanza ndo tunaongea mengine, ukikataa chukua ampu yako.

Kupima bodi yako, yani pedali zote na waya zake, ni bure, dakika ishirini hivi, na mara nyingi utaondoka na adapta moja ya ziada badala ya pawa saplai nzima. Ila usije na pedali tupu. Njoo na adapta ileile, waya zilezile na hiyo ekstensheni unayochomekea chaja ya simu pembeni, maana kuna watu pedali zao hapa zimenyamaza kabisa wakirudi kanisani zinavuma kama kawaida.